Simu ya Kwanza Kwenye Orodha

Kabla Mbodze hajaliona gari, alizisikia ngumi. Gari la kijivu liliingia uani mwake pale Ukunda madirisha yote yakiwa wazi, na dereva alikuwa akiitwanga redio kama mtu aliyemfumania mwizi wa mbuzi. Alipozima injini aliipiga tena mara mbili, kisha akageuka akamchapa kofi mwenzake aliyeketi upande wa abiria, ambaye hakuwa amesema neno. Mwenzake alipangusa mdomo kwa mkono wa shati. Mdomo ule ulikuwa umekwisha kuvimba, kwa hivyo kofi hilo halikuwa la kwanza siku hiyo.

Mbodze hakuwa mtu wa kutishwa na kofi. Alikuwa fundi wa redio za magari, mwanamke pekee wa kazi hiyo kuanzia Waa mpaka Msambweni, na mwaka uliopita alikuwa amempasua kichwa kwa spana mteja aliyemshika pasiposhikwa. Watu walisema mkono wake ni mwepesi kwa waya na mwepesi kwa watu. Wakamwogopa, na magari wakamletea, kwa sababu redio ikishindikana kwingine kote, kila utakayemwuliza atakuelekeza kwa Mbodze.

Ilikuwa Ijumaa, adhana ya adhuhuri imekwisha kulia, na mtaa mzima wa mafundi umefungwa. Iddi, mchomaji vyuma wa jirani, alikuwa amekwenda msikitini na wengine. Mbodze kwao ni upande wa Kinango na ibada yao ni Jumapili, kwa hivyo Ijumaa saa hizo hubaki peke yake na kelele za kunguru. Mwenye gari naye alikuwa na kofia ya kitambaa cheupe kichwani, lakini Ijumaa yake siku hiyo ilikuwa ndani ya redio.

Alishuka akaanza kulalamika bila salamu. Mbodze akamwambia kwamba hapo uani watu husalimiana kwanza, gari baadaye. Mishipa ya shingo ikamsimama yule mtu, kisha akatoa salamu kama anayetema mfupa.

Jina lake Swabir. Maneno yake yalikuwa mengi, lakini kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Alikuwa akilikodisha gari lake kwa harusi, na alasiri hiyo alitakiwa Msambweni kuongoza msafara wa kumchukua bibi harusi kutoka Munje. Gari la mbele katika msafara ndilo lenye muziki. Likinyamaza, akina mama hawaimbi wala hawapigi vigelegele, na mwenye gari haitwi tena. Redio yake ilikuwa ikicheza nyimbo kwa bluetooth vizuri, halafu katikati ya wimbo, kimya. Simu inasema imeunganishwa, mara haikuunganishwa. Harusi mbili zilizopita zimemfedhehesha. Fundi mmoja alimbadilishia spika, mwingine alimwuzia simu mpya, na wa tatu akamwambia gari lina jini.

"Jini nitalitoa mimi," Swabir alisema, akampiga teke la kisigino mwenzake aliyekuwa akishuka. "Wewe nitolee hiki kimya."

Mwenzake aliitwa Shutu. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, ila alitembea amejikunja, kama mbwa aliyezoea mwenye kumlisha ndiye mwenye kumpiga. Alimwamkia Mbodze kwa adabu. Mbodze akamwonea huruma kidogo.

Alianza na mambo mepesi, kwa kuwa tisa katika kumi ya matatizo ya redio ni mepesi na wenyewe wana aibu ya kuambiwa. Alitazama simu ya Swabir isiwe imewekwa kubana matumizi ya betri, maana simu ikibana betri hukata muziki. Haikuwa hivyo. Akaiambia simu iisahau redio, na redio iisahau simu, akavizima vyote viwili, akaviwasha, akaviunganisha upya kama watu wasiojuana. Swabir akamtuma Shutu ng'ambo ya barabara kununua maji na sigara. Mbodze akabonyeza, na wimbo ukatoka, spika zikatetemesha milango.

Wimbo wa kwanza ukaisha, ukaingia wa pili, ukaingia wa tatu. Swabir alikaribia kutabasamu. Shutu akarudi, akainama dirishani kumpa bosi wake chupa ya maji, na muziki ukakatika.

Swabir aliichukua ile chupa na kumpiga nayo puani. Damu ikamtiririka Shutu mpaka kidevuni, naye akarudi nyuma akiinamisha kichwa isimchafue shati. Swabir alimwambia kwamba mkosi wake unaharibu hata vyuma. Mbodze alimwambia Swabir kwamba mtu akipigwa tena katika uwanja wake atafunga kazi, harusi au si harusi. Moyoni aliona kwamba Shutu alipoinama alitikisa mlango, basi huenda kuna waya uliolegea nyuma. Alichukua bisibisi, akafungua dashibodi, akaivuta redio nje.

Nyuma ya redio, maungio ya waya yalikuwa yamezungushiwa vipande vya leso, nyekundu yenye madoa meupe, vikapakwa gundi vikakauka.

Mikono ya Mbodze ilisimama. Leso ile aliichana yeye mwenyewe. Siku hiyo utepe wa kuzibia waya ulikuwa umemwishia na mwenye gari alikuwa na haraka, amepata abiria hotelini Diani, akipiga honi na kumwita kobe. Basi akachana leso kuukuu ya mama yao, akafunga, akamfukuza kwa matusi ya kindugu. Gari lilikuwa jeupe wakati huo. Mwenye gari alikuwa Tsuma, kaka yake, tumbo moja.

Miezi minane ilikuwa imepita. Watu walimkodi Tsuma Diani awapeleke Vanga, na kutoka Vanga hakurudi. Kikaokotwa kiatu chake kimoja kando ya barabara ya Lunga Lunga, kimejaa damu iliyoganda, na mbali ya hicho hakikupatikana kitu. Polisi walifungua faili. Ukoo ukakaa, wazee wakasema matanga yawekwe, maana miezi inakwenda na kila mtu anajua. Mama yao, Mbeyu, akakataa. Alisema hawezi kumlilia mtu juu ya kiatu. Alisema wamwonyeshe mwanawe alipolala, hata kama ni mfupa mmoja, amrudishe alazwe karibu na babaye, na siku hiyo ndipo atakapolia. Tangu siku hiyo kila Mbodze alipokwenda nyumbani, mama aliuliza neno moja tu kabla ya kumpa maji: ameonekana? Mbodze alikuwa ameapa kwamba jibu la swali hilo atalileta yeye.

Akainua macho. Wezi walikuwa wamebadilisha rangi, wamebadilisha namba, wamebadilisha hata viti. Redio wakaiacha kwa sababu ilikuwa nzuri, na ilipowasumbua wakaileta kwa fundi aliyesifiwa kuliko wote. Siku za mwizi ni arobaini, lakini Mbodze hakuwahi kufikiri kwamba ya arobaini itaingia uani mwake kwa magurudumu manne.

"Umeona nini?" Swabir aliuliza.

Mbodze alisema ameona waya. Sauti yake ilitoka sawasawa na mwenyewe akashangaa. Redio ilikuwa bado ina umeme, inaning'inia kwa nyaya zake, naye akabonyeza mpaka pale redio inapoweka orodha ya simu inazozikumbuka. Kioo kilikuwa kidogo, kinaonyesha mstari mmoja mmoja, na mteja wa kawaida hafiki huko hata siku moja. Simu zilikuwa nne. Ya kwanza iliandikwa "Tsuma wa Mbeyu", na pembeni yake ile alama ndogo ilikuwa inawaka.

Aliisoma mara tatu. Alama ikiwaka maana yake simu iko hai na iko karibu, hatua kumi hivi. Sasa akaelewa yote. Redio zile za bei rahisi zina tabia ya mtumwa mwaminifu: simu ya kwanza kwenye orodha ikikaribia, huziacha nyingine zote na kuikimbilia hiyo. Na simu yenyewe, bila shaka nyimbo zake zimefutwa, haina cha kucheza, ndipo panapokuwa kimya. Shutu alipokwenda dukani muziki ulicheza. Aliporudi ulikufa. Simu ya Tsuma ilikuwa mfukoni mwa suruali ya Shutu.

Hapo ndipo Mbodze alipopaswa kuwa na akili, na kwa kitambo kidogo alikuwa nayo. Redio iliyofunguliwa ni kamba. Mteja hawezi kuondoka nyaya zimening'inia. Robo saa tu watu watatoka msikitini, mtaa utajaa wanaume, Iddi atakuwa hapo na nyundo zake, na hawa wawili watashikwa wakiwa wazima, waulizwe mmoja mmoja. Subira huvuta heri. Akamwambia Swabir kwamba kuna waya wa kulehemu, na chuma cha kulehemia kinachelewa kupata moto.

Swabir alisema hana robo saa. Alifungua buti, akatoa spana ndefu ya kufungulia magurudumu, akaipitisha juu ya meza ya Mbodze kwa pigo moja. Redio tano za wateja zilimwagika chini na vioo vyake vikapasuka. Pigo la pili lilivunja rafu. Kisha akamshika Mbodze mkono wa kulia, akaubana juu ya meza, akaweka kile chuma juu ya vidole vyake.

"Utaitengeneza sasa hivi," alisema, "au nitaanza na hiki kidogo."

Mbodze aliuacha mkono ulale. Kwa upole kabisa alimwuliza gari amelinunua kwa nani, maana huenda mwenyewe wa kwanza alijua ugonjwa wake.

Swabir akacheka. Alisema alilipata kwa mtu mpole sana, mtu ambaye hata hakumsumbua. Shutu alitazama chini.

Hilo neno ndilo lililoharibu kila kitu. Tsuma hakuwa mpole. Tsuma aliwahi kupigana na watu watatu stendi ya Kinango kwa ajili ya kuku wa mama yake, akarudi na kuku na jino moja pungufu. Kusikia anaitwa mpole, na muuaji wake, na kwa kicheko, kulimpandisha Mbodze damu mpaka machoni. Hasira hasara, kila mtoto wa pwani anaambiwa hivyo, na kila mmoja husubiri hasara ndipo aamini.

"Redio yako ni nzima," alisema. "Tatizo ni simu. Kuna simu nyingine hapa, ni ya kwanza kwenye orodha, na redio inaikimbilia hiyo kabla ya yako. Inaitwa Tsuma wa Mbeyu. Anayo huyu mwenzako mfukoni."

Alijua anachofanya. Angeweza kunyamaza, angeweza hata kusema uongo wa fundi, na uongo wa fundi hauishi. Alitaka wale wawili watafunane mbele ya macho yake.

Swabir aliuachilia mkono wake. Uso ulikuwa umemwisha damu.

"Shutu," alisema polepole. "Uliniambia umeitupa baharini."

Shutu alisema ilikuwa simu nzuri. Alisema alitoa laini, akafuta nyimbo na picha zote, akadhani haina neno. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Shutu iliishia gotini, maana hapo ndipo spana ilipotua. Goti lilitoa mlio kama kuni kavu. Akaanguka juu ya vioo vilivyovunjika, akapapasa, mkono wake ukaipata bisibisi, na Swabir alipoinama kumsaka mfukoni akaizamisha bisibisi pajani mwa bosi wake mpaka kwenye mpini. Swabir alinguruma, akamkanyaga kifua. Miaka yote ya makofi ilimtoka Shutu kwa mkupuo; alimng'ata mguu, akamvuta, wakabingirika wote wawili mpaka kwenye gurudumu la gari, damu na mafuta na vumbi, kimoja hakijulikani na kingine.

Na Mbodze alifurahi. Tusimpake mafuta: alisimama akatazama, akafurahi. Kila pigo alilihesabu kuwa la Tsuma. Swabir ndiye aliyekuwa na chuma, naye akainuka kwanza, akampiga Shutu mkono, akampiga mbavu, na Mbodze bado alisimama.

Ndipo akakumbuka swali la mama. Likamrukia kichwani lote, na furaha ikamwisha.

"Mlimweka wapi?" alipiga kelele. "Tsuma mlimweka wapi?"

Shutu aligeuza uso kumtazama. Jicho moja lilikuwa limefumba. Sasa alijua huyu mwanamke ni nani, hilo lilionekana, na mdomo wake ukafunguka.

"Nitakuonyesha, dada," alisema. "Mwambie aache tu. Nitakupeleka mwenyewe."

Mbodze alikamata amplifaya iliyokuwa chini ya meza, chuma cha uzito wa mtoto wa mwaka, akakimbia. Hatua zilikuwa nne. Alipofika ya tatu Swabir alishusha spana kwenye paji la uso la Shutu. Mbodze alimpiga Swabir mkono, mfupa ukakatika, akampiga tena begani, naye akaanguka chali. Shutu alikuwa hasogei tena. Mbodze alimwinua kichwa akamwita jina lake, akampiga makofi mashavuni, akamwuliza wapi, wapi, na kile kichwa kilikuwa laini mahali ambapo hakipaswi kuwa laini.

Watu walikuwa wakitoka msikitini. Iddi alikuwa wa kwanza kufika, nyuma yake mtaa mzima na kanzu zao nyeupe. Walimkuta Mbodze yumo katika damu na mtu aliyevunjika mkono akitambaa kuelekea gari. Mtu aliyekuwapo siku waya za Tsuma zilipofungwa kwa leso alivitambua vile vipande, neno likapita, na kufumba na kufumbua kulikuwa na mawe, na mtu alikuwa akiita petroli iletwe. Wakaanza kumpiga Swabir kwa miguu.

Mbodze akamlalia. Alimfunika kwa mwili wake muuaji wa ndugu yake, akapigwa teke la mbavu lililokuwa la Swabir, akapigwa jiwe la mgongo. Iddi alidhani amerukwa na akili, akamvuta miguu. Alimwambia Iddi amwache, kwamba huyu sasa ndiye peke yake anayejua. Akamwekea Swabir mdomo sikioni na kumwomba. Alimwita kaka. Alimwahidi kwamba akisema, hataguswa na mtu.

Swabir alitema jino.

"Mimi niliondoka na gari," alisema. "Shutu ndiye aliyebaki naye kwenye mikoko. Alirudi asubuhi kwa miguu, na matope mpaka kifuani. Sikumwuliza wapi. Nilimwambia asiniambie."

Mbodze alimtazama machoni, akitafuta uongo. Alitafuta kwa nguvu zake zote, kwa sababu uongo ungemfaa. Hakuuona. Polisi walipofika walilazimika kumbandua juu ya Swabir kidole kimoja kimoja.

Jioni hiyo hiyo alikwenda Kinango na mbavu zake zimefungwa kitambaa. Mama yake alikuwa jikoni akipukuchua mahindi. Alimtazama binti yake, akaona damu iliyokauka shingoni, akauliza lile neno lake. Njia nzima Mbodze alikuwa amejitungia namna ya kulieleza, namna ambayo redio ina lawama, na Swabir ana lawama, na Mungu pia anapata sehemu yake. Alipofika mbele ya mama aliyatupa maneno hayo. Alimweleza kama lilivyokuwa, tangu ngumi za kwanza mpaka jino la mwisho.

Mama alisikiliza bila kuacha kupukuchua.

"Kwa hivyo alikuwepo mtu mmoja aliyejua," alisema.

"Alikuwepo, mama."

"Na alikuwa tayari kusema."

"Alikuwa ameanza kusema."

"Ungalingoja watu watoke msikitini, angalikuwa hai?"

Mbodze alisema ndiyo. Mama aliweka gunzi chini, akanyoosha mkono akamshika kidevu, akamwinua uso kama alivyokuwa akifanya zamani alipomshika na sukari mdomoni. Hakumpiga. Mbodze alitamani ampige.

"Basi kula ulale," mama alisema. "Mikoko inaanza Msambweni inakwisha Vanga. Utaanza kesho, utachimba wewe mpaka umpate, na mimi msiniulize tena habari za matanga."